Hadithi Inayokumbuka

Hotuba mbele ya wapenzi wa tamthilia za kisayansi, Mji Mkongwe, Unguja

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa kwenye mikeka hapa mbele: nakushukuruni kwa kuja, na namshukuru mwenye nyumba kwa kutufungulia ukumbi wake.

Nimeombwa nizungumze juu ya mabishano ambayo hapa mjini hayajawahi kupoa. Tamthilia ya kisayansi, visa vya kubuni vya meli za anga na zama zijazo, zile tunazoziita sizoni, iwe na kisa kimoja kirefu kinachokwenda miaka mitano au saba? Au kila episodi iwe na hadithi yake, ianze usiku huu na iishe usiku huu? Nimeshuhudia gahawa ikipoa vikombeni kwa jambo hili. Nimeona watu wazima wenye wajukuu wakinyanyua sauti, na mimi nimo miongoni mwao, kwa sababu ni jambo ninalolipenda.

Wa hadithi fupi wanasema: nimerudi kazini nimechoka, nipe saa moja yenye mwanzo na mwisho nikalale. Wa kisa kirefu wanasema: maisha hayaanzi upya kila Jumatatu, kwa nini hadithi ianze upya? Pande zote mbili zina haki yao. Lakini hapo katikati limeingia swali la tatu, na hilo ndilo linalowasha moto: je, mwandishi alikuwa na mpango tangu siku ya kwanza, au alikuwa akibuni njiani? Wenzangu wa kisa kirefu wamelifanya swali hili kuwa mzani wa kila kitu. Mwandishi akiwa na mpango, anapewa mkono. Ikijulikana kwamba alikuwa akibahatisha, anaitwa tapeli.

Nimekuja kusema kwamba swali la mpango tumelipa uzito usio wake. Nguvu ya hadithi ndefu imo katika kukumbuka. Lililotokea liwe limetokea. Aliyeumia wiki hii, wiki ijayo tumuone anauguza jeraha. Aliyesema uongo katika sizoni ya pili, uongo ule umrudie katika ya nne. Ahadi ni deni, na mtu aliyesimama mbele ya watu akasema "hapo zamani palikuwa na fulani" ameshaahidi: ametuambia kwamba huyu fulani ni mtu, na mtu haamki kila asubuhi akiwa mpya.

Kwanza niwatendee haki wa hadithi fupi, maana wamezoea kuonewa katika mikutano kama hii.

Mtindo wa episodi kujitegemea haukuja kwa uvivu wa waandishi. Kwa miaka mingi nchini Marekani faida kubwa ya tamthilia ilipatikana baadaye, pale episodi zilipouzwa kwa vituo vya miji mbalimbali, na vituo hivyo vikazirusha kila siku, mara nyingi bila kufuata mpangilio wowote. Watengenezaji walikuwa wakipigania kufikisha episodi 100 hivi ili mzigo uuzike. Mzigo wa namna hiyo unataka kila episodi iweze kuoneshwa Jumanne yoyote, mahali popote, kwa mtu ambaye hajaona nyengine. Star Trek ya kwanza, ya mwaka 1966 hadi 1969, ilikuwa na episodi 79 tu na haikuwa na watazamaji wa kutosha kuiokoa. Ilipata umaarufu wake baadaye, katika marudio hayohayo.

Nasi hapa tulikuwa na sababu zetu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara hawana televisheni ya aina yoyote hadi miaka ya 1990, kwa hiyo kutazama ni jambo tulilolianza mapema. Lakini nani katika sisi alikuwa na uhakika wa kutazama kila wiki? Mvuvi akenda dago, harudi mpaka mwezi uchukuwe. Muuguzi ana zamu ya usiku. Kwenye kanda za kukodi, kanda ya tatu ilikuwa kwa mtu wa Kikwajuni ambaye hairejeshi. Zilipokuja diski, unanunua sizoni nzima, unafika nyumbani, diski ya nne imekwaruzwa. Ukimpa mtu kama huyo kisa kisichofahamika bila ya kuona kila dakika iliyotangulia, umemfungia mlango usoni.

Na msiniambie kwamba hadithi fupi zenye shujaa mmoja ni mambo ya Wazungu. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari mwenzetu, alitupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni. Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960, na vikafuata vyengine. Unaweza kuanza na chochote. Fumbo linaletwa, Bwana Msa anavuta kiko, fumbo linafumbuliwa. Vizazi kadhaa vya wanafunzi wa skuli visiwani hapa vimeonja raha ya kusoma kupitia kwake. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba ule ni usimulizi wa daraja la pili.

Sasa nikuelezeni pale ambapo fikra yangu ilitulia.

Mnakumbuka giza lile. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja haikuwa na umeme, miezi mitatu, kwa sababu ya hitilafu kwenye njia iliyokuwa ikituletea umeme kutoka Bara. Wenye majenereta waliendesha mafriji yao, wengine tulirudi barazani. Baada ya Isha tukawa tunasimuliana sizoni. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa ameshaimaliza Battlestar Galactica, kisa cha binadamu wachache wanaokimbizwa angani na maadui ambao ni mashine, nyengine zenye sura ya binadamu, kabla umeme haujakatika, akawa msimuliaji wetu. Nilimsikiliza usiku baada ya usiku, na nikaanza kuona anachokibakisha na anachokiacha. Majina ya meli za anga aliyachanganya. Vita vikubwa, ambavyo bila shaka vilitengenezwa kwa fedha nyingi, alivimaliza kwa sentensi moja: "hapo wakapigana sana." Lakini hakusahau hata mara moja nani alimfanyia nini nani. Alipofika pale Kanali Tigh anapompa mkewe Ellen sumu kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mke amewasaliti wapiganaji ili kumuokoa yeye mume, kijana yule alinyamaza, akatutazama, kisha akasema, "Hili likumbukeni, litarudi." Na alipofika kwenye episodi ambayo haikuacha alama kwa mtu yeyote, alisema, "Hapa hamna kitu, twendeni mbele," na akaipita.

Usiku mwengine zamu ilikuwa ya mpenzi wa Star Trek ya zamani. Akatusimulia ile episodi ya mwaka 1967 ambapo Nahodha Kirk anarudi nyuma ya wakati mpaka New York ya mwaka 1930, anampenda mwanamke anayeitwa Edith Keeler, kisha anajua kwamba mwanamke huyo lazima afe, akiishi historia yote itapinduka. Gari linakuja, Kirk anamzuia rafiki yake daktari asimuokoe, Edith anakufa. Ilisimuliwa kwa kikao kimoja, ikakamilika, na hakuna aliyepiga mwayo. Kwa msimulizi wa barazani hakuna zawadi kubwa kuliko hadithi kama ile.

Kisha mzee mmoja akauliza, "Sasa huyu bwana akaishi vipi baada ya hapo?"

Msimuliaji akajibu kwa ukweli: wiki iliyofuata yuko sayari nyengine, ana kazi nyengine, wala Edith hamtaji.

Yule mzee alisikitika, na nilisikitika naye. Hadithi ilikuwa imekamilika, hilo sibishi. Aliyekosewa ni Kirk. Mtu aliyeruhusu mpenzi wake agongwe na gari mbele ya macho yake hakupewa hata dakika moja ya kuwa ni mtu aliyefanya jambo hilo.

Hapo ndipo nilipoanza kuzipima tamthilia kwa kukumbuka kwake. Nizitaje mbili ambazo zinatoka karibu chungu kimoja.

Star Trek: Voyager ilianza mwaka 1995. Meli ya anga imetupwa umbali wa miaka-nuru 70,000 kutoka nyumbani, na kwa mwendo wake itahitaji miaka 75 au karibu yake kurudi. Jamani, hebu fikirini utamu wa jambo hilo kwa watu wa visiwani! Tunajua meli ni nini, tunajua bandari ni nini, tunajua kuhesabu maji na mkaa. Katika sizoni ya kwanza inatajwa waziwazi kwamba kuna topido 38, yaani makombora ya meli, na hakuna pa kupata nyengine. Mashabiki wakaanza kuhesabu, kwa sababu wameambiwa wahesabu. Mwishowe meli ikarusha nyingi kuliko hizo, na hakuna aliyejishughulisha kutueleza zilitoka wapi. Kila wiki meli inapigwa, kila wiki inayofuata inang'ara kama imetoka chelezoni.

Kisha mwaka 1997 wakatengeneza Year of Hell, sehemu mbili. Huko meli inaharibika kwelikweli, miezi inapita, afisa wa meli Tuvok anapofuka na inabidi aongozwe kwa mkono, Nahodha Janeway ana makovu ya moto, watu wanalala penye nafasi. Ni kazi nzuri mno. Mwisho wake Janeway anaigongesha meli yake kwa makusudi kwenye chombo cha adui, wakati unajirudisha, na yote yale yanafutika. Hakuna anayekumbuka kitu. Macho ya Tuvok yamerudi, makovu yameondoka. Mimi binafsi nilihisi nimenyang'anywa. Walituonesha kwamba wanaweza, wakatuonesha na kwamba hawataki.

Ronald D. Moore, mmoja wa waandishi wakubwa wa Star Trek, alipita Voyager kwa muda mfupi tu akaondoka. Alipopewa Battlestar Galactica, kwanza kwa filamu ya sehemu mbili mwaka 2003, alitengeneza tena kundi la watu waliopoteza nyumba na wanaosafiri katika meli. Safari hii maji yanakwisha. Marubani wanakufa na vitanda vyao vinabaki vitupu. Katika episodi ya mwanzo ya tamthilia yenyewe, inayoitwa 33, maadui wanawafikia kila baada ya dakika 33, na watu hawajalala kwa siku tano. Rais Laura Roslin ana ubao mweupe nyuma ya meza yake, umeandikwa idadi ya binadamu waliobaki wote: 50,298. Kadiri episodi inavyoendelea anafuta anaandika, anafuta anaandika, idadi inashuka mpaka chini ya 48,000. Mwishoni, maadui wamenyamaza, msaidizi wake anampa habari ya mtoto aliyezaliwa katika mojawapo ya meli. Roslin anaichukua kalamu, anafuta tarakimu ya mwisho, anaongeza mmoja. 47,973.

Ule ubao haukutupwa baada ya episodi ile. Baadaye idadi ikawa inaoneshwa mwanzoni mwa episodi, kabla hata hujaona sura ya mtu. Ukiona imepungua tangu wiki iliyopita, unajua ni nani, kwa sababu ulikuwepo. Sasa mnielewe: hakuna mpango mkubwa unaohitajika ili kufanya hivyo. Inahitajika kalamu, ubao, na mtu mwenye adabu ya kutosha kuwahesabu wafu wake.

Nakuja kwa Nog, na naomba mnivumilie, maana huyu nampenda kuliko wote.

Deep Space Nine, Star Trek nyengine, ya kwenye kituo cha anga, ilianza Januari 1993 na ikaenda miaka saba. Kituo cha anga hakiendi popote, kwa hiyo ukimkosea jirani leo, kesho mtakutana tena kwenye ngazi. Nog anaingia katika episodi ya kwanza kabisa akiwa mtoto mwizi, anakamatwa. Hajui kusoma. Baba yake anadharauliwa na kila mtu, na ami yake Quark ni muuza baa mwenye biashara za mlango wa nyuma. Mwaka hadi mwaka, taratibu, tunamuona anajifunza kusoma, anaomba kujiunga na jeshi la anga ambalo halijawahi kumchukua mtu wa kabila lake, anakubaliwa, anarudi na sare. Anatembea kifua mbele.

Mwishoni mwa mwaka 1998, katika sizoni ya mwisho, vita vimeshika kasi. Nog anatumwa mbele kupeleleza, anapigwa, anakatwa mguu. Katika tamthilia ya zamani daktari angempa mguu wa bandia na wiki inayofuata angekuwa anakimbia. Mguu wa bandia anapewa, na madaktari wanasema hauna kasoro. Lakini Nog anachechemea na fimbo. Anaumwa mahali ambapo mguu haupo. Episodi chache baadaye, ile inayoitwa It's Only a Paper Moon, wanampa yeye saa nzima. Hakuna vita, hakuna adui. Nog anakimbilia ndani ya chumba cha mandhari za kutengenezwa na kompyuta, kwenye klabu ya usiku ya kubuni ya Las Vegas ya zamani, anakaa na mwimbaji ambaye si binadamu bali ni programu, na hataki kutoka. Mwimbaji yule wa kubuni ndiye anayemtoa, kwa upole, na anapomsukuma sana Nog anasema kile alichokuwa akikificha: alipojiandikisha alidhani yeye hawezi kufa, sasa anajua kwamba anaweza, na anaogopa kurudi nje.

Episodi ile inasimama peke yake. Mgeni anaweza kuitazama akafahamu kila kitu. Lakini aliyemjua Nog tangu alipokuwa mtoto mwizi anaitazama kwa moyo mwengine kabisa, kwa sababu ana miaka sita ya Nog ndani yake. Kwa hiyo mimi, nikiulizwa kama nataka hadithi fupi au kisa kirefu, natoa jibu hili: nataka kama ile ya Nog. Usiku mmoja wenye mwanzo na mwisho, ndani ya hadithi isiyomsahau mtu wake.

Wenzangu wa mpango sasa watanitajia Babylon 5, tamthilia nyengine ya kituo cha anga, na wana haki. Mwandishi wake, J. Michael Straczynski, aliitangaza tangu mwanzo kuwa ni riwaya kwa ajili ya televisheni, ya miaka mitano, yenye mwisho unaojulikana. Filamu ya kuifungulia ilitoka mwaka 1993, sizoni tano zikafuata kati ya 1994 na 1998, episodi 110, na 92 kati ya hizo aliziandika kwa mkono wake. Sizoni ya tatu na ya nne aliziandika zote peke yake. Kama kuna mtu aliyekuwa na mpango, ni huyu.

Lakini tazameni mpango ule ulipitia nini. Michael O'Hare, aliyeigiza Kamanda Sinclair, yaani steringi mwenyewe, aliondoka baada ya sizoni ya kwanza. Alikuwa akisumbuliwa na maradhi ya akili, na Straczynski aliitunza siri hiyo hadi mwigizaji alipofariki mwaka 2012. Steringi mpya akaletwa. Kisha katika sizoni ya nne ikaonekana kwamba ya tano huenda isipatikane, na vita viwili vikubwa vya kisa kizima vikabanwa ndani ya sizoni moja. Vita vya Vivuli, yaani vita na viumbe wa kale wanaoitwa Vivuli, vilivyojengwa kwa miaka mitatu, vikakwisha katika episodi ya sita, na wapo mashabiki mpaka leo wanaouma vidole. Kisha sizoni ya tano ikapatikana dakika za mwisho, na sehemu kubwa ya mambo yake ilikuwa imeshatumika.

Mpango ulivunjikavunjika, na hadithi ikabaki imesimama. Kwa nini? Mtazameni Londo Mollari, balozi kituoni, na hasimu wake G'Kar, balozi wa taifa jengine. Katika episodi ya mwanzo ya sizoni ya kwanza Londo anasema ameota kifo chake: miaka ishirini mbele, mzee, mikono yake kooni mwa G'Kar na ya G'Kar kooni mwake, wanauana. Sisi tunaona ni mahasimu wawili watakaofikia mwisho wa uhasama. Sizoni ya tatu, mwaka 1996, tunaoneshwa siku yenyewe. Londo ni mfalme, ana kiumbe begani kinachomtawala, na kiumbe kile kimelewa kimelala kwa muda mfupi. Ndipo tunajua: Londo mwenyewe ndiye anayemuomba G'Kar amuue, ili awaokoe watu. Mikono ni ileile, koo ni zilezile, kila neno la ile ndoto limetimia, na maana imegeuka juu chini. Yale yaliyopita kati ya watu wawili hao ndiyo yaliyoigeuza. Mwandishi alikumbuka alichosema, na alikumbuka pia kwamba waliosemwa wamebadilika. Mwenye mpango asiyekumbuka watu wake angetupa mahasimu wawili wanauana, basi.

Sasa Battlestar upande wa pili. Kila wiki mwanzoni ilituambia kwamba maadui wana mpango. Waandishi wenyewe hawakuwa nao, na wale wanne waliofichuliwa kuwa maadui mwishoni mwa sizoni ya tatu, mwaka 2007, walichaguliwa njiani. Wengi wenu mnaitupa tamthilia nzima kwa sababu hiyo. Mimi siitupi. Tigh kugundua kwamba yeye ni adui, yeye aliyemuua mkewe kwa sababu mke aliwasaidia maadui: jambo hilo limebuniwa njiani, na ni kati ya mambo mazito kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye skrini, kwa sababu yule mke hakusahauliwa. Nikija kwenye mwisho, Machi 2009, hapo naungana na walalamikaji. Rubani Kara Thrace alikufa, akarudi, na kwa muda mrefu tuliulizwa: huyu ni nani? Mwisho akatoweka tu kondeni, rafiki yake akigeuka hayupo. Swali waliliuliza wao wenyewe, tena kwa sauti kubwa. Deni lile halikulipwa.

Kuhusu Lost, ile ya abiria walioanguka na ndege kisiwani, sitokaa sana, tutakesha. Nasema jambo moja: mwaka 2007 walipotangaza kwamba itamalizika 2010, hadithi ilipata mwendo, kwa sababu mtu anayejua anakwenda wapi hupanga mzigo wake. Televisheni nyengine zingeiga hilo tungepata nafuu kubwa.

Na sitaki wenzangu wa kisa kirefu waondoke wakijidai. Siku hizi kila sizoni ina episodi nane au kumi, na nyingi ni filamu moja ndefu iliyokatwa vipande. Inakatika patamu, unafungua inayofuata, inakatika patamu tena, na ukimaliza huwezi kuitaja hata episodi moja kwa jina lake wala kwa kisa chake. Kijana wetu wa barazani angekuwa na nini cha kusimulia usiku mmoja? Star Trek yenyewe, baada ya Discovery ya mwaka 2017 kujifunga kwenye kisa kimoja kwa kila sizoni, ilirudi mwaka 2022 na Strange New Worlds, ambayo kila wiki ina hadithi yake. Lakini nahodha wake, Pike, anabeba jambo moja muda wote: ameshaoneshwa siku atakayoungua. Wiki inabadilika, yeye anabaki na ujuzi ule usoni. Nimefurahi sana kuiona.

Namalizia na vijana, kwa sababu wapo humu wanaoandika. Mmoja amenipa muswada wake niusome, tamthilia ya Kiswahili, wahandisi wa kizazi kijacho wanaotengeneza njia ya umeme chini ya bahari kati ya Pemba na Tanga, na kitu kinawajibu kutoka huko chini. Nimeupenda. Una harufu ya mahali, watu wanazungumza kama tunavyozungumza. Lakini katika episodi ya kwanza fundi mkuu anampoteza kaka yake majini, na katika ya pili yumo sokoni Chake Chake anacheka na muuza samaki, kama kwamba jana ilikuwa siku ya mtu mwengine. Pembeni ya ukurasa niliandika maneno mawili: "Kaka yake?" Sikuandika kwamba atafute mpango wa sizoni tano. Anaweza kucheka, watu waliofiwa hucheka. Basi acheke kisha muuza samaki ampe mkono wa taazia, na kicheko kikatike. Ni mistari mitatu tu ya kuandika.

Fanyeni daftari. Kila episodi ikimalizika, andikeni nani amepoteza nini, nani amemuahidi nani, nani anajua siri ya nani. Mkibuni njiani, bunini kwa daftari lile likiwa wazi mbele yenu. Mkiwa na mpango na mwigizaji akahama, au fedha zikakatika, daftari ndilo litakalokuambieni kipi hakiwezi kuachwa.

Na sisi watazamaji tuache kuwaita watu matapeli kwa sababu walibuni jambo Jumatano na kulipiga picha Ijumaa. Tuwaulize lile ambalo tuna haki ya kuliuliza: mliyotuambia, mnayakumbuka?

Projekta iko tayari. Tutaitazama ile ya Nog kwanza, kisha dada yetu wa upande wa hadithi fupi atapanda hapa kunijibu, na atapewa muda uleule niliopewa mimi. Maswali yatakuja baada yake. Ahsanteni sana.